Kitunguu, shavu, jani la majini au mtindi: seli ipi uiweke chini ya hadubini?

Mchoro wa seli ya mmea uliomo katika vitabu vya kidato cha kwanza ni wa kukusanywa. Kiini kimetoka huku, kloroplasti, zile sehemu za kijani zinazotengeneza chakula, zimetoka kule, na zile ribosomu zinazochorwa kama vinukta zimetoka kwenye hadubini ya elektroni, chombo ambacho shule ya sekondari haina. Mwanafunzi akishaukariri mchoro huo, akaja kutazama seli yenyewe, anachanganyikiwa. Mbona mitokondria, zile sehemu zinazoipa seli nishati, hazipo? Mbona kitunguu hakina kijani? Wengi hulimaliza tatizo kwa kuchora kile cha kitabuni na kukiacha kile kilicho mbele ya jicho, na hapo somo la vitendo linakuwa limekufa.

Kwa hiyo kabla hujachagua cha kuweka kwenye slaidi, amua ni sehemu gani ya seli unataka darasa lako liione. Hapa nalinganisha vielelezo vinne ambavyo mwalimu wa Afrika Mashariki anaweza kuvipata bila kuagiza popote. Nachukulia una hadubini ya kawaida ya mwanga, yenye lenzi ya jichoni ya 10 na lenzi za chini za 4, 10 na 40, yaani unakuza mara 40, 100 na 400.

| | Kitunguu chekundu | Ndani ya shavu | Jani la hydrilla | Mtindi |
|---|---|---|---|---|
| Aina ya seli | mmea | mnyama | mmea | bakteria |
| Kiini | kinaonekana vizuri | kinaonekana vizuri | kipo, kukiona ni kazi | hakuna |
| Ukuta wa seli | upo, wa selulosi | hakuna | upo, wa selulosi | upo, si wa selulosi |
| Kloroplasti | hakuna | hakuna | nyingi, zinatembea | hakuna |
| Vakuoli kubwa | ipo, ina rangi yake | hakuna | ipo | hakuna |
| Rangi ya kutia | iodini, au usitie | methilini bluu | usitie | methilini bluu |
| Ukuzaji unaofaa | 100 | 400 | 400 | 400, bora 1000 |

Kitunguu chekundu

Kama una kipindi kimoja tu na hadubini moja kwa darasa zima, chukua kitunguu. Na kiwe chekundu, kile cha Mang'ola au Singida kinachojaa sokoni, kwa sababu kimoja kinakupa vielelezo viwili.

Kipasue mara nne, ubandue tabaka moja nene. Upande wa ndani, ule uliobonyea, una ngozi nyepesi isiyo na rangi ambayo inatoka ukiivuta taratibu kwa kibano. Itandaze kwenye tone la maji bila mikunjo, dondoshea iodini, kisha shusha kioo cha kufunikia kikiwa kimeinama ili hewa itoke. Usipofanya hivyo, mapovu ya hewa ndiyo yatakayochorwa: duara safi lenye mstari mweusi mnene pembeni, ambalo nusu ya darasa itakuambia ndiyo seli.

Kwa ukuzaji wa mara 100 unaona seli ndefu zilizopangana bila kuacha upenyo. Kila moja ina urefu wa karibu robo hadi theluthi ya milimita, hivyo tano au sita zikifuatana zinavuka duara lote unalolitazama. Kiini kinaonekana kama kidonge cha rangi ya kahawia, mara nyingi kimesukumwa pembeni. Kimesukumwa na vakuoli, mfuko wa majimaji ambao umechukua karibu nafasi yote ya ndani na kuibana sitoplazimu, ule ute wa seli, ukutani. Katika baadhi ya seli kiini kitaonekana katikati. Waeleze wanafunzi kwamba hapo wanakitazama kutoka juu, kikiwa kimelala kwenye ukuta wa juu au wa chini, maana seli ina kina ingawa slaidi inaionyesha bapa. Kiini hicho ndicho kinachotunza DNA na kuamua protini zipi zitengenezwe. Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, ndiye aliyekipa jina lake mwaka 1831 alipokuwa akichunguza okidi, na mpaka leo seli za mimea ni rahisi kuanzia kwa mtu anayekitafuta kwa mara ya kwanza.

Sasa geuza tabaka lile lile. Upande wa nje, ule uliobinuka, ngozi yake ni ya zambarau, na rangi hiyo imo ndani ya vakuoli. Hapa hutii kitu. Weka kipande kidogo kwenye tone la maji, kifunike, ukitazame: seli zimejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu koroga kijiko cha chai cha chumvi katika robo glasi ya maji, dondosha tone moja ukingoni mwa kioo cha kufunikia, na upande wa pili gusisha kipande cha tishu kivute maji. Ndani ya dakika chache zambarau inaanza kujikunja. Inaachia kwenye pembe kwanza, halafu inajitenga na ukuta na kubaki fundo la rangi iliyokolea katikati ya chumba kilekile ambacho hakijabadilika umbo.

Mimi naamini hakuna kitu katika biolojia ya kidato cha kwanza kinachofundisha zaidi ya dakika hizo. Utando wa seli wenyewe ni mwembamba mno kuonekana kwa hadubini ya mwanga, kwani unene wake hauzidi sana sehemu 10 za milioni moja za milimita, na kwa kawaida umejibana kwenye ukuta kiasi kwamba mwanafunzi anadhani ni kitu kimoja. Maji yakitoka, utando unaondoka pamoja na vilivyomo na ukuta unabaki. Kwa mara ya kwanza mtoto anaona kwamba ni vitu viwili vyenye kazi mbili: ukuta unashikilia umbo na kuruhusu chumvi ipite, utando unachagua nini kiingie na nini kitoke. Rudisha maji safi mapema, kabla seli hazijafa, na utaona zambarau ikipanuka tena. Ndiyo sababu mchicha ulionyauka kwenye meza ya muuzaji unasimama tena ukinyunyiziwa maji.

Kasoro ya kitunguu ni moja, lakini ni kubwa. Hakina kloroplasti. Tunachokula ni ghala lililokua bila kupata mwanga, na mwanafunzi aliyeona kitunguu peke yake ataondoka akiwa na seli ya mmea isiyotengeneza chakula. Na usitarajie iodini ionyeshe wanga humo, kwa sababu kitunguu kinaweka akiba yake kama sukari za aina mbalimbali. Ukitaka wanga, kwangua kiazi mviringo kidogo na wembe, utie iodini, na chembe zake zitageuka buluu nyeusi mbele yako.

Ndani ya shavu

Hiki ndicho kielelezo cha seli ya mnyama, na faida yake ni kwamba mwanafunzi anajitazama mwenyewe. Anasugua ndani ya shavu kwa kijiti safi chenye pamba, anapaka kwenye slaidi, anatia tone la methilini bluu, anafunika. Kwa ukuzaji wa mara 400 anaona seli bapa zisizo na umbo maalumu, nyingine zimekunjwa pembeni, nyingine zimelaliana, kila moja na kiini chake cha buluu katikati. Upana wa seli moja ni kati ya mikromita 50 na 80. Mikromita 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Iweke picha hii kando ya ile ya kitunguu. Kule pembe ni kali na mistari imenyooka, huku kingo zimelegea. Kule kila seli imeshikamana na jirani yake, huku zimesambaa ovyo. Tofauti yote hiyo imeletwa na sehemu moja tu iliyokosekana, yaani ukuta. Seli ya mnyama ina utando peke yake, na kwa sababu hiyo haina cha kuizuia isivimbe ikiwa ndani ya maji matupu. Ndiyo maana ni vizuri kuipakia kwenye maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, kiasi kile kile cha dripu ya chumvi ya hospitali. Dripu ingekuwa maji matupu, chembe nyekundu za damu ya mgonjwa zingevimba na kupasuka. Kitunguu kwenye maji matupu hakina wasiwasi.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hulipita. Tazama juu ya seli za shavu, mahali penye vidoti vidogo vya buluu vilivyokolea. Mara nyingi hao ni bakteria wa mdomoni. Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi aliwaona jamaa zao katika utando wa meno na kuiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, habari zao mwaka 1683. Katika slaidi moja mwanafunzi anapata seli yenye kiini na seli zisizo na kiini, na anaona kwa jicho lake jinsi zilivyoachana kwa ukubwa.

Kinachonifanya nisite ni usafi. Mate yanabeba magonjwa, na darasa la watoto wengi wanaopokezana vijiti ni hatari. Kila mtu atumie kijiti chake, asiguse slaidi ya mwenzake, na vyote vikimalizika viingie kwenye chombo chenye dawa ya klorini kabla ya kutupwa au kuoshwa. Kama huwezi kusimamia hilo, andaa slaidi moja wewe mwenyewe na wote waitazame hiyo.

Jani la hydrilla

Hydrilla ni mmea unaoishi chini ya maji, wenye vijani vyembamba vinavyozunguka shina. Upo Ziwa Victoria na katika madimbwi na mabwawa mengi yenye maji yaliyotulia. Jani lake lina unene wa seli mbili tu, kwa hiyo huhitaji kukata chochote: unachuma jani changa karibu na ncha, unaliweka kwenye tone la maji ya pale pale lilipotoka, unafunika, unatazama.

Hapa ndipo kloroplasti zinapojieleza. Ni vidonge vya kijani, kila kimoja na mikromita kama 5, vimejipanga kando ya ukuta. Mwanzoni vimetulia. Acha taa iwake dakika kadhaa, jani lipate joto kidogo, halafu kaza jicho kwenye seli moja iliyo karibu na mshipa wa kati. Kidonge kimoja kinaanza kusogea, kinafuatwa na kingine, na baada ya muda mstari mzima unazunguka seli kwa upande mmoja bila kugongana. Zinabebwa na sitoplazimu inayotiririka. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba sitoplazimu ni "majimaji ya kujazia" ataona kwamba ndiyo inayosafirisha kila kitu humo ndani. Hakuna slaidi ya kununuliwa, hata iwe nzuri vipi, inayoonyesha hilo, kwa sababu seli zake zimekufa.

Udhaifu wake ni kwamba kijani kinafunika mengine. Kiini kipo lakini kukipata kunataka uvumilivu, na vakuoli inabidi uikisie kutokana na uwazi ulio katikati.

Kisha kuna suala la kuuchuma. Mimea ya aina hii ndiyo makazi ya konokono, na katika maji yetu mengi yaliyotulia konokono hao wanaeneza kichocho. Usimtume mwanafunzi aingie majini. Vuta mmea kwa reki ukiwa ukingoni, umevaa glavu na mabuti, uuoshe, uuweke kwenye ndoo ya maji safi darasani. Ukiuacha penye mwanga unaishi muda mrefu, na safari moja inaweza kukutosha muhula.

Ukiishi mbali na maji, tafuta Commelina, lile gugu la shambani lenye maua madogo ya buluu. Bandua ngozi ya chini ya jani lake. Seli zake za kawaida hazina rangi, lakini zile zinazolinda matundu ya hewa, mbili kwa kila tundu, zina kloroplasti. Unapata matundu ya hewa kama nyongeza. Mtiririko hutauona vizuri kama kwenye hydrilla.

Mtindi

Mtindi wa nyumbani, maziwa mgando au maziwa lala, almradi hayakuchemshwa baada ya kuganda, yamejaa bakteria walio hai. Punguza tone moja kwa maji mengi, lipake liwe jembamba sana, likauke, pitisha slaidi juu ya moto haraka, tia methilini bluu dakika moja, suuza. Kwa ukuzaji wa mara 400 unaona vijiti vifupi na vidoti vilivyoungana kama tasbihi. Vijiti mara nyingi ni wa jamii ya Lactobacillus, na minyororo ni ya vidoti vya jamii ya Streptococcus au jamaa zao. Matone ya mafuta ya maziwa nayo ni ya mviringo, lakini hayashiki rangi, kwa hiyo yaache.

Niseme wazi kwamba wanafunzi huvunjika moyo hapa. Baada ya kitunguu, wanategemea kuona vyumba na kiini, na wanachoona ni vumbi la buluu. Lakini udogo huo ndio somo. Bakteria ni prokarioti: DNA yake imo ndani ya sitoplazimu bila utando wa kuizunguka, hana mitokondria, hana kloroplasti, na bado anakula, anakua na kujigawa. Alicho nacho ni utando, ribosomu za kutengenezea protini, na ukuta wa peptidoglikani, kitu ambacho seli za binadamu hazina kabisa. Penisilini inashambulia ujenzi wa ukuta huo, na kwa hiyo inaweza kumuua bakteria bila kuigusa seli yako ya shavu. Mwanafunzi akielewa hapo, ataelewa pia kwa nini dawa hiyo haifai kwa mafua yanayoletwa na virusi, ambao si seli na hawana ukuta wa kuvunjwa.

Urefu wa bakteria hawa, mikromita 1 hadi 5 hivi, unakaribiana na wa mitokondria moja ya mwili wako. Lynn Margulis, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1967 kwamba mitokondria na kloroplasti zilianza kama bakteria waliomezwa na seli kubwa na kubaki humo. Alipingwa sana. Leo ndivyo inavyofundishwa, na miongoni mwa ushahidi ni kwamba zote mbili bado zina DNA yao na ribosomu zinazofanana na za bakteria.

Kwa walio karibu na maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, kama Bogoria au Natron, kuna prokarioti anayeonekana vizuri kuliko wa mtindi. Kijani cha maji yale ni Arthrospira, aliyejisokota kama springi, na ndiye chakula kikuu cha heroe wadogo, wale flamingo wanaofunika ziwa kwa waridi. Anatumia mwanga kutengeneza chakula ilhali hana kloroplasti hata moja, kwa kuwa umbijani wake, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, uko kwenye tando za ndani ya seli yenyewe. Omba ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi kabla ya kuchota.

Hamira na damu

Hamira ni kuvu, hivyo ina kiini, ingawa huwezi kukiona kirahisi. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, na baada ya muda utaziona seli za mviringo zikichipua nyingine ubavuni. Inafaa kwa somo la kuzaliana, kwa somo la sehemu za seli haikupi mengi.

Damu ya wanafunzi usiichukue. Hatari ya kuchomana sindano haina sababu, na hata hivyo chembe nyekundu za binadamu hazina kiini, kwa hiyo si mfano mzuri wa seli ya mnyama. Slaidi iliyotengenezwa tayari inatosha. Wakichinja kuku, tone la damu yake lina chembe za umbo la yai zenye kiini kila moja.

Ambacho hakuna kielelezo kitakachokuonyesha

Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2. Ribosomu ni ndogo kuliko hapo mara kumi hivi. Mitokondria zina unene wa kati ya nusu na mikromita 1, kwa hiyo kwa vipimo zinaingia, lakini hazina rangi na zinapotea ndani ya sitoplazimu bila rangi maalumu ya kuzitia. Ribosomu, mitokondria na zile tando za ndani zinazosafirisha protini zifundishe kwa picha za hadubini ya elektroni, na useme hivyo. Kwenye daftari la vitendo, sharti liwe kwamba kisichoonekana hakichorwi. Mimi ningempa alama zote mwanafunzi aliyechora ukuta, kiini na nafasi tupu, kuliko aliyejaza mitokondria sita ndani ya kitunguu.

Uchague nini?

Ukiwa na kipindi kimoja, kitunguu chekundu pande zote mbili, na chumvi. Ukiwa na vipindi viwili mfululizo, ongeza shavu kama usafi unauweza, au slaidi moja ya mwalimu. Kwa mada ya usanisinuru, yaani mmea kutengeneza chakula kwa mwanga, anza na hydrilla, kitunguu kisiwepo kabisa siku hiyo. Mtindi uweke baada ya wanafunzi kuzoea kulenga lenzi, maana kwa mkono mchanga lenzi ya 40 inavunja slaidi. Ukiwa na hadubini ya karatasi ya Foldscope, inayokuza mara 140 hivi, kitunguu na shavu vitakupendeza, mtindi utakuchosha bure.

Na shule isiyo na hadubini yoyote bado ina seli moja ya kutazama. Vunja yai la kisasa kwenye sahani, la kuku aliyetaga bila jogoo. Ile njano yote, ambayo nayo huitwa kiini ingawa si kiini cha seli, ni seli moja, na hilo doa jeupe la milimita chache juu yake ndipo DNA yake ilipo, manjano mengine ni akiba ya chakula. Yai hilo hilo ukiliacha kwenye siki mpaka ganda liyeyuke, litakufaa kuonyesha maji yakiingia na kutoka, ila waambie wanafunzi kwamba ngozi wanayoigusa hapo ni ile iliyolalia ganda, na utando wa seli yenyewe uko ndani zaidi, ukizunguka ile njano.